Natoka kujaza mafuta, nakutana na lori uso kwa uso

SWALI

Shikamoo mzee. Mimi ni mama wa watoto wawili, tumehamia Lubumbashi, huku Kongo wanakoshika kulia, kutoka Dar miezi mitatu iliyopita kwa ajili ya kazi ya mume wangu, tunakaa Bel-Air. Gari nimejifunzia Dar na nimeendesha miaka sita bila hata mkwaruzo. Noah yangu tuliipitisha Tunduma tukakatiza Zambia mpaka Kasumbalesa, usukani uko kulia kama kawaida ya kwetu. Wiki za kwanza hapa niliendesha kwa uoga sana, nafuata tu gari la mbele, nikaona mbona inawezekana, basi nimeshazoea. Sasa wiki iliyopita saa kumi na moja na nusu alfajiri natoka kujaza mafuta, barabara nyeupe kabisa, nikatoka zangu nikashika kushoto wala sikujua, mpaka mwanangu aliyekaa nyuma anasema mama, mbona lile lori linakuja kwetu. Taa zilikuwa machoni. Nilikata kulia nikaingia kwenye vumbi, lori likapita na honi ndefu. Hatukuumia ila tangu siku ile nikishika usukani mikono inatetemeka. Mume anasema niendeshe gari la kazini kwake lenye usukani kushoto nitazoea haraka, shoga yangu anasema niuze Noah, jirani anasema niache kabisa nipande taksi. Na kwenye vipilefti vya huku jamani naingia kwa kubahatisha tu. Nifanye nini mzee wangu?

JIBU

Marahaba mama, na pole sana, na umupe pole mutoto maana yeye njo aliona mbele yako. Nimefundisha watu kuendesha hapa Lubum zaidi ya miaka kumi na tano, nikapata watu wa Dar, wa Ndola, wa Kampala, wote wanatoka kwenye nchi za kushika kushoto, na karibu wote wanakosea pale pale ulikosea wewe. Si siku ya kwanza, si katikati ya ambuteyaji, ule msongamano wa magari, siku timu ya Mazembe inacheza Kamalondo, hapana. Ni mwezi wa pili ao wa tatu, asubuhi mapema, barabara iko tupu.

Sababu yake ni hii. Kwenye ambuteyaji magari ya wengine yanakushika mkono, huwezi kwenda kushoto hata ukitaka, juu (yaani kwa sababu) kuna mtu amejaa pale. Barabara ikiwa tupu hakuna wa kufuata, na mikono yako inarudi kufanya ile iliyofanya miaka sita. Sweden walihamisha nchi nzima kutoka kushoto kwenda kulia siku moja, tarehe 3 Septemba 1967, na ajali zilipungua mwanzoni juu kila mtu alikuwa na woga, kisha woga ukatoka na ajali zikarudi. Basi mama, ule uoga wa wiki za kwanza ulikuwa unakulinda, na siku uliposema nimeshazoea njo siku nilitaka uwe na mtu pembeni.

Sasa tufanye kazi. Mu Noah yako wewe unakaa kulia, na hapa tunaendesha kulia, maana yake kiti chako kinakuwa upande wa mutaro, si upande wa katikati ya barabara kama Dar. Shika hiyo moja tu. Kila unapotoka mahali umesimama, kituo cha mafuta, parseli (uwanja wa nyumba), shuleni, dukani, kabla ya kuachia breki sema kwa mudomo, kwa sauti, "mutaro kwangu". Na watoto waseme pamoja na wewe, wale hawasahau. Nilikuwa na mwanafunzi mumoja alitoka Ndola, alifunga uzi mwekundu ku mkono wa kuume, na alikuwa anaugusa kwanza ndipo anaweka vitesi (gia). Aliutoa baada ya miezi minane, na alikuwa anaendesha muzuri kuliko wengi waliozaliwa hapa.

Tena kuna mahali tatu pa kuamka: kutoka mahali umesimama, kukunja kushoto, na kutoka barabara ya njia moja. Kukunja kushoto hapa ni kama kukunja kulia kule Dar, unakatiza mbele ya wanaokuja, kwa hiyo usikate kona fupi. Endelea mbele mpaka upite katikati ya ile barabara unataka kuingia, njo ukunje, uangukie upande wa mbali. Kukunja kulia ni kona fupi ya kubana mutaro. Wengi wanakunja kushoto kwa kona fupi na wanajikuta mbele ya pua ya taksi.

Na kipilefti, mama, lile neno uliache kule Tunduma. Ni Kiingereza cha kusema shika kushoto, sasa kila ukilitaja unajiamrisha vibaya wewe mwenyewe! Hapa sema ronpwani. Unaingia kwa kulia na unazunguka ukiacha kile kisiwa cha katikati upande wako wa kushoto, na macho ya kwanza yatazame kushoto juu wanaozunguka wanatoka kule. Na ku makutano ya kawaida yasiyo na taa wala kibao, sheria yetu ya barabara, ile ya 1978, inampa njia anayetoka kuume kwako. Hii inawachanganya sana wageni, mtu anatoka kwenye kabarabara kadogo ka upande wa kuume na anajitupa mbele yako na iko na haki. Taksi-moto nao wanajitupa hata bila haki, basi punguza tu kila makutano na umutazame mutu usoni.

Shauri la baba watoto si baya lakini si la sasa. Gari ya volani (usukani) kushoto njo nzuri kwa nchi hii, lakini ukipanda ile leo Noah kesho, ile "mutaro kwangu" inageuka, inakuwa "katikati kwangu", na kichwa kinabaki bila kamba ya kushika. Ma Toyota ya Japani kama yako yana mkono wa taa za kukunja ku kuume kwa volani, na magari ya volani kushoto yanao ku kushoto, kwa hiyo utataka kukunja na eswiglasi zitaanza kupangusa kioo kikavu katikati ya makutano. Kaa na gari moja kwanza mpaka mikono itulie, kisha kama munataka kuhamia ile nyingine, hamia moja kwa moja. Kuacha kuendesha kabisa sikubali, umeendesha miaka sita.

Lakini Noah iko na mambo matatu ya kurekebisha wiki hii. Taa kwanza. Taa fupi za gari ya volani kulia zimetengenezwa kutupa mwanga mwingi upande wa kushoto, kule Dar unaangukia mutaro, hapa unaangukia macho ya anayekuja. Pita garaji waziteremshe, na ukipata taa za aina ya nchi za kulia zibadilishe. Pili, kupita lori. Ku barabara ya Kasumbalesa na yale malori ya shaba, wewe ukikaa upande wa mutaro huoni kitu mpaka gari nzima imetoka nje, kwa hiyo baki nyuma sana na uvumilie, na usikubali mutu wa kiti cha kushoto akuambie pita, breki iko mguuni kwako si kwake. Tatu ni mulango. Kama Noah yako iko na mulango wa kuvuta ku kushoto tu, ule mulango hapa unafunguka katikati ya barabara. Nimeona mutoto anaruka kutoka kwenye mulango kama ule mbele ya shule, kiatu kikabaki ku gudroni (lami) na yeye akavutwa na mkono wa mama muuza ndizi. Ingia ndani ya parseli ya shule ndipo washuke, ama wapitie mulango wa kuume.

Ile mikono kutetemeka itatulia ukiipa kazi. Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, mume akae pembeni, watoto wabaki nyumbani, mutoke parseli na kurudi, mara ishirini, barabara hizo hizo tupu za Bel-Air, kila mara unasema lile neno. Itachosha. Ufanye hata hivyo, Jumapili nne.

Na watoto pia, juu huko Dar walifundishwa kutazama kulia kwanza kabla ya kuvuka. Hapa gari ya kwanza inatoka kushoto. Leo jioni mutoke nao kwa miguu, muvuke pamoja mara tatu nne, kushoto, kuume, kushoto tena, wewe ukiwashika mkono.