MiFi 25 za mtumba kutoka Ulaya: hela ya Ijumaa usiitume

Mkuu, hiyo hela unayotaka kumtumia binamu Ijumaa usiitume. Swali lako nimelisoma mara mbili ndani ya daladala na mara zote mbili jasho limenitoka, maana ni kama nasoma ujinga wangu wa 2021 kwa mwandiko wa mtu mwingine. MiFi 25 zilizotumika Ulaya (vile vifaa vidogo vya betri unavyochomeka laini ya simu vikagawa intaneti kwa waifai), "zinakubali laini zote", jina la kampuni kubwa usoni, binamu yuko Dubai anakusanya mzigo, wewe unataka kukodisha kwa wanachuo wa Dodoma. Halafu unauliza kama mtengenezaji anazijali, betri inakaa saa ngapi, laini ipi ina kasi, na kama watu kumi wanaweza kuunganisha kwa mpigo.

Anazijali? Anazijali zile alizouza mwenyewe dukani. Zako hazitambui.

Hicho ndicho kitu ambacho hakuna aliyeniambia, na ndicho kilichonimaliza. MiFi mbili zinaweza kufanana kama mapacha, plastiki ileile, taa zilezile, jina lilelile mbele. Moja mtengenezaji kaiuza kwa jina lake. Nyingine katengeneza kwa oda ya kampuni ya simu ya nchi fulani, ikawekewa nembo yao na kufuli la laini yao, yaani inakataa laini ya kampuni nyingine. Fimuwea, yaani ile programu inayokaa ndani ya kifaa chenyewe, kwenye hii ya pili ni mali ya kampuni ya simu. Likionekana tatizo, mtengenezaji anarekebisha, anawakabidhi kampuni ya simu, nao wanaamua wenyewe kama watasambaza au la. Na mteja wao akishamaliza mkataba wake wa miaka miwili na kupewa kifaa kipya, wasambaze kwa faida ya nani? Cha zamani kinaingia kwenye boksi. Boksi linakuja kwetu.

Sasa yangu. Niko Morogoro, nina duka la steshenari. Mradi mmoja wa kilimo ulitaka wadodosaji 18 waende Kilosa na Gairo na vishikwambi visivyo na sehemu ya laini, kila mmoja na MiFi yake. Nikaomba kazi, nikapewa. Nikashuka Kariakoo, kijana akaniwekea moja mezani, akachomeka laini yangu, intaneti ikawaka. "Hii orijino bosi wangu, kampuni kubwa hii, sapoti ipo mpaka utachoka wewe." Sh 65,000 kila moja, zote 18 zikawa Sh 1,170,000. Laki nane kati ya hizo zilitoka kwenye kikoba cha mke wangu. Kumbuka hicho kipengele, kwa sababu mke wangu anakikumbuka hadi leo.

Wiki ya kuzijaribu nikagundua kasoro. Baada ya kama dakika arobaini za kazi, kifaa kinaganda: taa zinawaka, jina la waifai linaonekana, intaneti hakuna, mpaka utoe betri urudishe. Nikaingia tovuti ya mtengenezaji, nikakuta apdeti ya modeli hiyohiyo, na maelezo yake yanasema wazi kwamba inaondoa tatizo la mtandao kukatika kifaa kikishatumika kwa muda. Nilifurahi mpaka nikanunua soda. Nikapakua, kifaa kikaikataa: toleo hilo si lake.

Nikawaandikia. Baada ya siku tatu nikajibiwa kwa adabu zote kwamba kifaa changu ni cha kampuni ya simu fulani, niwasiliane nao. Nikaenda kwa hao. Roboti la kwenye tovuti likaniuliza namba ya mteja na postikodi ya nyumbani. Nikaandika sanduku la posta la Morogoro. Likasema postikodi hiyo si sahihi. Tukaachana.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angerudisha mzigo. Mimi nikatafuta fundi wa WhatsApp.

Kulikuwa na kundi la mafundi, na humo bwana mmoja picha yake ni ya simba. Kwa Sh 10,000 akanitumia faili, "hii ya dunia nzima, inaingia kwenye zote". Siku moja kabla ya mafunzo ya wadodosaji, saa nne usiku, nikaanza kuflashi, yaani kufuta fimuwea iliyomo na kuingiza hiyo yake. Ya kwanza ilichukua dakika sita. Ikazima, ikawaka, jina la waifai likatokea, ukurasa wa mipangilio ukafunguka na namba mpya ya toleo. Nikajipongeza. Laini sikuweka, maana zote zilikuwa kwenye bahasha nyingine na nilikuwa na haraka. Nikachukua ya pili. Ya tatu. Kabla ya saa saba usiku nilikuwa nimemaliza zote 18, nimezipanga mezani mistari mitatu ya sita sita kama askari wa gwaride, nimezipiga na picha.

Asubuhi naweka laini. Taa nyekundu. Nafungua ukurasa: "Ingiza kodi ya kufungulia. Majaribio yaliyobaki: 10." Ya pili hivyohivyo. Zote 18. Na kodi yenyewe bora ingekuwa ya TRA, hiyo angalau ina ofisi ya kwenda kulalamika.

Baadaye sana fundi mmoja wa kweli pale Msamvu ndiye aliyenielewesha. Vile vifaa havikuwahi kufunguliwa. Waliovileta walitia fimuwea iliyochezewa, isiyoangalia kufuli. Kufuli lenyewe lilikuwepo chini yake muda wote, kama shimo lililofunikwa mkeka. Mimi nilipoweka fimuwea safi nikaondoa mkeka. Kurudi nyuma nako haikuwezekana, kifaa kinakataa toleo la zamani zaidi ya lililomo. Simba akanitumia kodi alizokokotoa kwenye tovuti sijui gani. Yalipobaki majaribio matatu nikaanza kusoma dua kabla ya kubonyeza. Yalipoisha, na simba akaisha. Namba yake haipatikani mpaka leo.

Wadodosaji walitumia simu zao wenyewe kurushia vishikwambi intaneti, na mimi nikawalipa bando Sh 2,000 kila mmoja kwa siku, siku 12. Piga hesabu: 432,000 juu ya ile milioni na ushee. Awamu ya pili ya mradi alipewa mtu mwingine, na sikuwa na uso wa kuuliza kwa nini. Moja ya zile MiFi inazuia mlango wa duka, moja mwanangu anaichezea kama simu. Kama kuna mdau ana milango 16 inayojifunga na upepo, tuzungumze bei.

Yule kijana wa Kariakoo simlaumu sana, anauza alicholetewa. Ninayemlaumu ni mchangiaji mmoja wa jukwaa lingine aliyeniandikia "kampuni kubwa hiyo, huna haja ya kuuliza sapoti". Kaka, kama unasoma hapa, ukubwa wa kampuni ndio hatari yenyewe. Kampuni kubwa ina mamia ya modeli, na vifaa vidogo vya namna hii ndivyo vya kwanza kusahaulika. Wakongwe mtakumbuka zile tableti za intaneti za Nokia. Modeli ya 770 ilitoka mwishoni mwa 2005. Januari 2007 ikaja N800 na mfumo mpya, mwenye 770 akaishia kupata toleo ambalo Nokia wenyewe waliliita la wadukuzi ("Hacker Edition"), lisilo na dhamana yoyote. Mwaka huohuo ikaja N810. Mwaka 2009 ikaja N900 na mfumo mpya tena, Maemo 5, na safari hii waliobaki kituoni ni wenye N810. Na hiyo ilikuwa Nokia, enzi inatawala dunia.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja tu: usinunue kabla hujaliona faili. Toa betri, soma kibandiko cha chini yake, chukua namba ya modeli nzima pamoja na zile herufi na tarakimu za baada ya kistari, maana hizo ndizo zinazotenganisha mapacha. Nenda tovuti ya mtengenezaji, kwenye ukurasa wa kupakua, uone kwa macho yako faili la fimuwea la namba hiyohiyo, na tarehe yake. Faili halipo? Kifaa ni yatima. Lipo lakini tarehe ni ya kabla ya Oktoba 2017? Achana nacho pia, kwa sababu mwezi huo ndipo ulipotangazwa udhaifu wa KRACK kwenye WPA2, yaani ule ulinzi wa waifai yenye nywila, udhaifu unaompa mtu aliye karibu nafasi ya kusoma mawasiliano ya waifai. Vifaa karibu vyote vya waifai vya wakati huo vilihitaji apdeti, na hosteli ya wanachuo si mahali pa kuacha dirisha hilo wazi. Watakuja kukufundisha wao.

Kuna njia nyingine ambayo natamani ingekuwepo wakati wangu. Tangu tarehe 29 Aprili 2024 sheria ya Uingereza inawalazimu watengenezaji wa vifaa vya intaneti vya watumiaji wa kawaida kutamka ni kwa muda gani, kwa uchache, watatoa apdeti za usalama. Tafuta tamko hilo kwa modeli yako. Kama haimo, au muda wake umeshapita, jibu umepata bure, bila kumlipa simba.

Na usiniambie "itawaka tu, mimi sina haja ya apdeti". Hata mimi sikuwa na haja nayo, mpaka dakika ya arobaini. Hiyo "zinakubali laini zote" nayo muulize binamu: zimefunguliwa kwa kodi au kwa fimuwea ya kuchezea? Akisita tu, unajua kilichopo chini ya mkeka.

Betri, nakumbuka uliuliza. Zangu tatu zilivimba kama maandazi kabla hata ya mwaka, na Kariakoo nzima sikupata za saizi hiyo. Hilo nalo lihesabu kwenye sapoti.

Leo hii mwambie binamu atoe betri ya moja yoyote, apige picha kibandiko, uiweke hapa tuisome pamoja kabla ya Ijumaa. Kibandiko, mkuu, si boksi. Boksi hata mimi nililetewa, na lilikuwa zuri sana.