Jibu: Nimehamia ugoro, kuacha kumenishinda

Kaka, umeuliza kama ugoro ni afadhali kuliko sigara kwa vile hauna moshi, na kwa nini siku ya pili bila ugoro unagombana na kila mtu nyumbani.

Moshi umeukwepa, kweli. Nikotini bado iko palepale: inabana mishipa, inapandisha presha na mapigo ya moyo. Na tumbaku ya mdomoni ina kemikali zake za kuleta saratani ya kinywa. Kama pale unapoubana pana doa jeupe lisilotoka, muone daktari wa meno wiki hii.

Ugomvi huo ni arosto, yaani mwili unadai nikotini uliyoizoea. Siku 2 au 3 za mwanzo ndizo mbaya, kisha hupungua ndani ya wiki 2 hadi 4. Mimi niliacha sigara mara nne (mke wangu anasema tano). Iliyoshika ni ile ya chingamu ya nikotini kutoka duka la dawa. Mwanzoni niliitafuna kama chingamu za watoto, nikaambulia kwikwi na kiungulia. Itafune polepole mpaka mdomo uwashe, ibane kati ya shavu na fizi, ukali ukiisha tafuna tena. Kahawa isitangulie chingamu ndani ya robo saa.

Ukiwa Kenya, piga 1192 ya NACADA (mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya), ni bure, utaongea na mshauri. Kama una presha au moyo, daktari kwanza, chingamu baadaye.

Hebu niambie: ugoro wa kwanza unauweka kabla ya chai ya asubuhi au baada?