Kwaresima: mbona siku 46 badala ya 40?

Swali: Tumefundishwa kuwa Kwaresima maana yake ni arobaini. Mbona nikihesabu kuanzia Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu napata siku 46? Na Lent ya Waingereza imetoka wapi?

Jibu: Umehesabu sawasawa. Chukua mwaka 2026: Jumatano ya Majivu ni Februari 18, Jumamosi Kuu ni Aprili 4, jumla 46. Toa Dominika (Jumapili) sita, ambazo hazifungwi, zinabaki 40. Ila hesabu ya zamani ilikuwa nyingine. Anza Dominika ya kwanza, Februari 22, uishie Alhamisi Kuu, Aprili 2, Dominika zikiwemo: 40 kamili. Baadaye watu walipotaka siku 40 za kufunga kwelikweli, majuma sita bila Dominika yaliwapa 36 tu, ndipo zikaongezwa nne za mwanzo kuanzia Jumatano. Wakatoliki wa Milano, Italia, wanaofuata liturujia yao wenyewe, ile ya Ambrosi, hawakuziongeza. Kwao Kwaresima bado inaanza Dominika.

Jina lenyewe ni Quadragesima ya Kilatini, na kwa usahihi ni “ya arobaini”, sawa na Tessarakoste ya Kigiriki, ambayo imo tayari katika kanuni ya 5 ya Mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Nikea wa mwaka 325. Waitalia wana Quaresima, na Kwaresima yetu inafanana nayo kuliko Kilatini chenyewe. Kifaransa kimelibana likawa Carême; kile kikofia juu ya e kinaonyesha s iliyodondoka. Ukilisikia tu, huwezi kudhani lina arobaini ndani yake.

Lent haihusiani na hesabu wala kufunga. Ni lencten ya Kiingereza cha kale, yaani majira ya kuchipua, na huhusishwa na kurefuka kwa mchana. Waholanzi hadi leo huyaita majira hayo lente. Kwa hiyo anayehubiri kwamba Lent maana yake ni toba anabuni. Tena kusini mwa ikweta msimu huo mchana unafupika!

Wengine wametaja tendo lenyewe: Wajerumani husema Fastenzeit, wakati wa kufunga, na Warusi Velikiy Post, mfungo mkuu. Waorthodoksi wa Ethiopia nao wana mfungo mkuu, ila wao hufunga siku 55, kwa hiyo jina la arobaini lisingewafaa. Wamalta, Wakatoliki wenye lugha ya asili ya Kiarabu, huiita Randan, neno lililotokana na Ramadhani.