Macho ya kufumaniwa, ngozi ya masizi na maswali mengine kuhusu sura za askari wadogo

Maswali ya safari hii karibu yote ni ya sura, na wala sishangai. Mtu anaunga modeli ya kifaru cha vita wiki mbili, anakipaka tope na kutu mpaka unatamani ukioshe, afu anaweka juu yake askari mwenye uso kama karanga iliyomenywa na kazi yote inakufa hapohapo. Haya tuanze.

Mombasa: Dada, askari wangu wote wa 1/35 wana macho ya mtu aliyefumaniwa. Nakosea wapi?

Umenichekesha, maana ninao watatu wa hivyo kabatini na siwatupi ng'o. Piga hesabu kwanza, 1/35 maana yake kila kitu ni kidogo mara 35 kuliko cha kweli. Jicho la mtu mzima lina upana wa kama milimita 30 na likiwa wazi urefu wake ni kama milimita 10, gawa kwa 35 unabaki na upana usiofika hata milimita moja na uwazi wa kama 0.3 hivi. Sasa kwenye kanafasi hako wewe umemwaga weupe wa shati la shule halafu ukatia kidoti cheusi katikati, kinaelea, weupe unaonekana juu na chini. Nenda kajitazame kwenye kioo. Kope ya juu inafunika kipande cha mboni, na chini mboni inakaribia kabisa ukingo. Weupe unaozunguka mboni pande zote tunauona kwa mtu aliyeshtuka tu, na ndo maana askari wako kashtuka.

Mi nafanya hivi. Macho kwanza, ngozi baadaye. Najaza tundu lote la jicho kwa kahawia iliyoiva. Ikikauka naweka weupe uliochafuliwa, yaani nyeupe yenye kahawia au kijivu ndani yake, na naacha kaukingo ka kahawia juu na chini, hako ndo kanakuwa kope. Mboni siweki kidoti, navuta kamstari kafupi kutoka juu kushuka chini. Ukitaka uishi kwa amani mfanye atazame pembeni kidogo, kwa sababu anayetazama mbele kabisa akipata makengeza hata ya nywele moja yanaonekana kutoka mlangoni. Na anza na lile jicho linaloukatalia mkono wako, lile jepesi ndo ulilinganishe nalo. Ukikosea usiongeze nyeupe, sogeza rangi ya ngozi kutoka nje uliminye jicho mpaka likae sawa.

Dodoma: Na wa 1/72 je?

Wa 1/72 hafiki hata sentimita mbili na nusu, macho ya nini? Weka kivuli cha kahawia chini ya nyusi, mwanga kwenye pua na mashavu, basi. Ukimtazama mtu aliyeko ng'ambo ya uwanja wa mpira weupe wa macho yake huuoni, unaona kivuli tu.

Morogoro: Nataka kutengeneza askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki). Maelekezo yote ninayoyapata ni ya uso wa mzungu, na mmoja akaniambia nichukue kahawia niongeze nyeusi kwenye vivuli na nyeupe kwenye mwanga. Imetoka vibaya sana.

Kaka, hilo kosa nalijua kwa jina la baba yake. Askari wangu wa kwanza mweusi nilimfanya hivyohivyo, nikakaa naye karibu wiki mbili, mtoto wa kaka yangu akamwangalia akauliza, "Shangazi, huyu mbona kapakwa masizi?" Na alikuwa sahihi. Nyeusi ukiitia kwenye kahawia inaua joto lote, unapata rangi ya jiko la mkaa. Nyeupe nayo ukiitia inaleta uchakavu wa ngozi isiyopakwa mafuta, mtu anaonekana kama katoka kinu cha unga.

Ngozi yetu ina wekundu ndani yake, tena mwingi. Kwa hiyo msingi wako uwe kahawia yenye wekundu, kwa wanaotumia tyubu za wachoraji ni Burnt Umber na Burnt Sienna kidogo, na uchanganye kulingana na mtu unayemtaka, hakuna rangi moja inayoitwa "Mwafrika" hata kama imeandikwa hivyo kwenye kichupa. Kivuli uongeze bluu ya Ultramarine au zambarau iliyokolea, chini ya kidevu, pembeni ya pua, ndani ya sikio. Mwanga uongeze Yellow Ochre kwanza, kisha rangi ya ngozi yenye uchungwa ndani yake, nyeupe tupu isikaribie mpaka mwisho kabisa.

Na huo mwisho ndo wenyewe. Saa saba mchana nilikuwa nimesimama kijiweni nasubiri bodaboda, dereva mmoja kavua helmeti, kalowa jasho. Nikamkodolea macho mpaka akauliza kama namdai. Kwenye paji la uso alikuwa na kidoa cha mwanga kidogo sana na kikali, na hakikuwa cha kahawia wala njano, kilikuwa kama bluu ya mbali, ile ya anga. Kwenye shavu la upande wa chini kulikuwa na wekundu uliotokana na fulana yake. Ngozi nyeusi inarudisha mwanga hivyo, vidoa vidogo vyenye makali, wakati uso mweupe mwanga wake unasambaa taratibu. Maelekezo mengi ya intaneti yanakufundisha kusambaza. Wewe usisambaze sana: paji, mgongo wa pua, mfupa wa shavu, ncha ya kidevu, vidoa vya rangi iliyofifia yenye kaubluu, vidogo kuliko unavyodhani, uviache.

Usisahau mdomo wa chini, una uwaridi kuliko wa juu. Viganja ni vyepesi kuliko mgongo wa mkono, na kucha pia. Na kwenye uso huu ndo weupe wa jicho unapokuponza zaidi, kwa hiyo uchafue hata zaidi ya nilivyomwambia wa Mombasa.

Mwanza: Nilienda hadwea nikaomba rangi ya mafuta kama ulivyosema safari iliyopita, nimepewa kopo la lita moja. Inafaa?

Hiyo ni ya kupaka milango na mageti, mdogo wangu, mpelekee baba mwenye nyumba. Samahani, kosa ni langu. Nilimaanisha rangi za mafuta za wachoraji, zile za vityubu, zinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya sanaa na baadhi ya stesheneri kubwa. Tyubu moja utaitumia miaka, maana uso wa 1/35 unakula kiasi cha kichwa cha kiberiti, na hapo ni kwa mtu asiye mchoyo.

Akriliki, yaani rangi za maji kama za kampuni ya Vallejo, zinakauka dakika chache, unapaka tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba, mara tano sita, kila moja ina maji mengi kuliko unavyoona ni akili. Kwa joto letu zinakauka mpaka kwenye ncha ya brashi, kwa hiyo tengeneza paleti ya maji: kontena la chakula lenye mfuniko, sponji iliyolowa ndani, juu yake karatasi ya kuokea keki, rangi unaweka juu ya karatasi. Inakaa mbichi hata siku nzima. Rangi za mafuta zenyewe zinakupa masaa, unaweka kivuli na mwanga vikiwa vibichi afu unavikutanisha kwa brashi kavu safi, ndo maana nazipenda kwa sura. Burnt Umber inakauka haraka kuliko nyingi kwa sababu ina manganizi ndani yake, nyeupe ndo inakuweka.

Mambo mawili tu. Chini yake paka akriliki kwanza, iive kabisa, kwa sababu white spirit, ile ya kuyeyushia rangi za mafuta, haiifanyi kitu akriliki iliyokauka, ila rangi ya enameli inaweza kuilainisha ikaja yote na brashi. Na kabla ya kutumia rangi ya mafuta iminye juu ya kipande cha boksi uiache kama nusu saa, boksi linyonye mafuta, la sivyo askari wako atang'aa kama kapakwa mgando.

Nairobi: Brashi ya 000 au ya 0000 kwa macho?

Wala. Namba 0 au 1 yenye ncha nzuri. Hizo za sifuri nyingi hazibebi rangi, inakauka kabla hujafika usoni, unabaki unakwaruza. Kinachochora ni ncha, na brashi nene yenye ncha kali ina tumbo la kubebea rangi. Za nywele za Kolinsky, mnyama wa jamii ya kicheche, ndo bora ila bei yake funga mkanda, mi ninayo moja tu na hakuna anayeigusa nyumbani. Na acheni kulamba brashi jamani, kuna rangi zina kadimiamu, ni sumu.

Nairobi tena, mwingine: Babu alikuwa Burma. Nataka kumtengeneza yeye na ofisa wake mzungu wamesimama njiani kwenye mvua, mwaka 1944. Sura zao ziweje?

Hili swali nimelikalia muda. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw katika msimu wa mvua wa 1944 na kufika Kalewa, kwenye mto Chindwin, Desemba. Kwa hiyo hapo hatuzungumzii sura za gwaride. Ni watu waliokuwa na matope kwa miezi, usingizi hawana, wengine wameugua. Kofia zao zilikuwa zile za ukingo mpana, kwa hiyo nusu ya juu ya uso iko kivulini, na hiyo ni zawadi kwako: macho yanahitaji kuonekana kidogo tu na mwanga wako mkubwa unaangukia puani, mdomoni na kidevuni. Wengi wanapaka kichwa kikiwa peke yake kama vile hakina kofia halafu wanagundisha kofia juu, na kivuli hakipo. Paka kofia ikiwa imeshikizwa.

Mvua inabadilisha mwanga. Mawingu hayatoi vile vidoa vikali nilivyomwambia wa Morogoro, yanatoa mwanga mpana wa kijivu kutoka juu. Basi babu yako punguza ukali wa vidoa, ila ngozi imelowa, kwa hiyo mwisho kabisa weka tone la vanishi inayong'aa kidogo kwenye paji na pua, kwa ncha ya kijiti cha meno. Kidogo. Jasho na mvua si mafuta ya kupikia.

Ofisa sasa. Mzungu wa kwenye boksi ana mashavu ya waridi, wa Burma hana. Walikuwa wanameza vidonge vya mepacrine kila siku kwa ajili ya malaria, na dawa ile ilikuwa inaigeuza ngozi kuwa ya njano. Mchanganye na Ochre mpaka uone ni mgonjwa, afu wekundu uuache puani, masikioni na shingoni jua lilipomchoma. Chini ya macho zambarau nyepesi. Hao wawili wakisimama pamoja utaona kitu kizuri, babu yako atakuwa na wekundu na joto kuliko mzungu.

Kama una picha yake ya ujana ibandike ukutani mbele ya meza. Usitafute kufanana, kwenye kichwa kisichofika milimita 7 hutafanana na mtu, shika kimoja tu: alivyokuwa anafumba mdomo, au nyusi. Ukimaliza nitumie picha, hii nataka kuiona.

Tanga: Ndevu za siku mbili tatu nazifanyaje? Nikichora nywele mojamoja anakuwa mbuzi.

Usichore nywele. Chukua rangi yako ya ngozi, ongeza kijivu chenye ubluu kwa mzungu au bluu iliyokolea kwa mweusi, iyeyushe na maji mpaka iwe kama chai ya rangi, pitisha kwenye taya na juu ya mdomo mara mbili tatu. Acha katikati ya shavu. Basi.

Muscat: Vichwa vya kwenye boksi vyote vinafanana na vimelainika. Nikinunua vya resini itasaidia?

Itasaidia kuliko rangi yoyote. Hornet wa Uingereza wanauza vichwa vitano vitano, vimechongwa vikali, mikunjo iko wazi na brashi inaona pa kupita. Unakata cha plastiki shingoni, unatoboa, unaweka pini. Msasa wa resini usifanye mkavu, lowesha na maji, vumbi lake ni baya kifuani. Ila sura zenye pua na midomo yetu ni chache huko sokoni, na ukibadilisha rangi tu juu ya uso wa Mwingereza unapata Mwingereza aliyepakwa. Mi huwa naongeza pua na midomo kwa epoksi ya kufinyanga, kipande cha ukubwa wa chembe ya mchele, na ncha ya sindano.

Ukija Dar pita kwenye Sanamu ya Askari pale mtaa wa Samora. Ni ya shaba, ipo tangu 1927, imeinama na singe ikielekea bandarini, na watu wanaizunguka kila siku bila kuinua macho. Nenda asubuhi, rudi jioni, angalia kivuli cha nyusi na cha mfupa wa shavu kinavyohama, na shaba yenyewe ina rangi ya kahawia inayorudisha anga, yaani unaona mwanga wa ngozi nyeusi bila kumkodolea dereva wa watu macho. Mi nilisimama pale mpaka mlinzi wa benki akaja kuuliza nasubiri nani.

Arusha: Nimemaliza sura vizuri, nikapiga vanishi ya mati (isiyong'aa), ikatoka na ukungu mweupe. Nimeharibu?

Ulipiga mvua inanyesha, eeh? Unyevu ule. Subiri siku kavu, pitisha tabaka jembamba la ile inayong'aa kwa brashi, mara nyingi ukungu unaondoka, kisha rudia mati ukiwa mbali kidogo, kopo lenyewe ulitikise hasa, dakika mbili si sekunde kumi. Isipoondoka, bahati mbaya, utaanza na macho upya.