Jibu: Mnara wa Kėdainiai, je, palikuwa na msikiti?

Habari ndugu. Umeuliza kama mnara wa adhana uliouona kwenye picha za Kėdainiai, Lithuania, ni mabaki ya msikiti wa zamani, na kama siku moja inatosha ukitokea Kaunas.

Msikiti haukuwepo. Mnara ulijengwa 1880 kwenye shamba la Eduard Totleben, jenerali wa Urusi aliyeongoza kuzingirwa kwa Plevna (leo Pleven, Bulgaria) katika vita na Waturuki. Simulizi za kwa nini aliujenga ni nyingi, mimi sizibebi. Uko bustanini upande wa stesheni ya treni, kwa hiyo ukija kwa treni anza nao.

Kisha nenda mji wa kale, huko ndiko kwenye uhondo. Kabla ya yote hakikisha kanisa la Wakalvini (tawi la Waprotestanti) litakuwa wazi, maana chini yake wamelazwa watu wa ukoo wa Radvila, waliokuwa mabwana wa mji. Majeneza ni ya metali, yana nakshi tele, na kati yake mna madogo ya watoto. Hapo utasimama kidogo. Jonušas Radvila, aliyetia saini mkataba na Sweden mjini humo 1655 na kuipa kisogo Poland, ambayo Lithuania ilikuwa imeungana nayo, yumo pia.

Uwanja wa Soko la Kale una masinagogi mawili yanayopakana. Wayahudi wa mji waliuawa Agosti 1941.

Siku moja inatosha. Matango ya huko usiyaache, ndiyo sifa ya mji.