Mzee ameambiwa jicho litolewe, tukubali ama?

SWALI: Daktari habari. Niko Muhoroni, mzee wangu ana miaka 61, wiki tatu zimepita alikuwa anakata miwa jani likamchoma jicho la kushoto, akaona ni kitu kidogo, mama akamwekea maji ya majani fulani halafu tukanunua dawa ya kutone pale kemisti. Sasa limefura, linatoa usaha, usiku halali, anakaa tu kitandani ameshika kichwa. Hospitali ya Kisumu wamemdunga sindano ndani ya jicho mara mbili na wapi, sasa wanasema litolewe. Wajomba wamekataa, ati likitoka moja la pili linafuata, na ati macho yanauzwa. Tufanye nini?
Kijana wa Muhoroni

JIBU: Pole sana kijana, na mzee umpe pole zangu. Hiyo ya kuuza tuimalize kwanza: kinachopandikizwa ni kile kioo cha mbele tu, tena cha marehemu asiye na maambukizi, jicho lililojaa usaha nani alitake?

Leo jioni waite wajomba. Mzibe mzee lile jicho la kulia lisilo na shida kwa kiganja, kabisa kabisa, mmulike lile bovu na tochi ya simu mkimuuliza mwanga uko upande gani. Daktari alishapima hivyo, lakini wajomba wajionee wenyewe. Kama haoni hata mwanga, basi kuona kulishaenda zamani, kinachotolewa saa hii ni usaha na maumivu.

Ndani ya jicho kuna ute kama jeli, hauna mishipa ya damu, kwa hivyo vidonge havifiki vizuri na ndio maana walimdunga mle mle. Na jani la muwa mara nyingi linaacha kuvu, ambayo ni sugu kuliko bakteria, halafu dawa zingine za kutone zina steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe inayopunguza kinga ya jicho, hizo kuvu inashukuru tu. Simlaumu mama, wengi wetu tungefanya hivyo.

Muulize daktari atafanya ipi. Kuna ya kukwangua vilivyo ndani na kuacha ganda jeupe na misuli yake, na kuna ya kutoa jicho lote na kukata mshipa unaoenda kwa ubongo. Kwa usaha wengi huanza na ile ya kwanza, jicho bandia baadaye linageuka kidogo anapoangalia huku na huku. Hilo bandia linawekwa kidonda kikishapona, kama wiki 6 hadi 8 hivi. Na machozi atakuwa nayo, tezi yake iko juu ya jicho, si ndani.

Sasa la jicho la pili, hapo wajomba wameshika ukweli kwa mkia. Ni kweli, mara chache sana, jicho likitobolewa kinga ya mwili inaweza kugeukia lile zima, lakini kuliacha bovu ndani hakumkingi. Lile zima likiwa jekundu ama likianza kuona ukungu, hata miaka ikipita, mkimbizeni siku hiyo hiyo.

Mkitaka daktari mwingine aangalie, Sabatia kule Vihiga ni hospitali ya macho, ila mwende kesho, si mwezi ujao, na muulize mapema SHA, ile bima ya afya ya serikali, italipa nini. Akipata homa ama uvimbe ukishuka shavuni msingoje asubuhi. Na mama aache yale majani, hata kwa lile jicho zima.