Safisha, futa, ondoa: kijana hakukosea

SWALI: Assalaam aleikum, mwalimu. Mimi ni mpiga picha za harusi hapa Mombasa, upande wa Mwembe Tayari. Juzi nilimwambia kijana anayenisaidia, "Isafishe ile folda ya harusi ya Nyali kabla sijarudi." Nilitaka atoe picha za watu waliofumba macho na zile zilizotikisika, kisha aweke rangi sawa. Niliporudi nikaikuta folda tupu. Alhamdulillahi, kadi ya kamera ilikuwa bado ina picha zote. Kijana ashikilia kwamba alifanya alivyoambiwa. Na huku mama wa bibi harusi apiga simu kila siku: "Picha zangu mtanikoshea lini?" Je, neno sahihi ni lipi: kusafisha, kuhariri, kufuta au kuondoa? Na "maktaba ya picha" ni Kiswahili, au maktaba ni ya vitabu tu?

JIBU: Waaleikum salaam. Nianze na huyo kijana, maana naona amehukumiwa bila wakili. Kisarufi hakukosea. Angalia tunavyokitumia kitenzi safisha nyumbani. Ukimwambia mtu asafishe samaki, magamba na matumbo hutoka, samaki akabaki. Ukimwambia asafishe meza watu wakishakula, sahani, miiba na makombo yote huenda zake, ikabaki meza. Kitenzi hiki hutaja kitakachobaki, kisiseme ni nini kiondoke. Uchafu ni upi, msikilizaji ajaze mwenyewe. Kwako wewe folda ilikuwa samaki. Kwake yeye ilikuwa meza.

Futa nayo ina tabia hiyo, tena imezidi. Futa vumbi: vumbi limekwenda. Futa kioo: kioo kipo pale pale, kinang'aa. Mwambie bibi mwenye picha ya marehemu mumewe ukutani "ifute ile picha", atachukua kitambaa. Mwambie mjukuu wake mwenye simu mkononi maneno yale yale, na picha huioni tena.

Sasa mama wa bibi harusi. Kauli yake ina umri mkubwa kuliko kompyuta yako, na ilikuwa kweli tupu siku za filamu. Filamu ikitoka kwenye kamera haionyeshi kitu. Picha imo, lakini haijaonekana. Fundi huingia kwenye chumba cha giza akaitia dawa ya kuidhihirisha, kisha dawa nyingine ya kuondoa ile chumvi ya fedha isiyopigwa na mwanga, halafu akaiweka kwenye maji yanayopita mpaka dawa zote zitoke, ndipo akaianika. Mtu aliyeona filamu zikining'inia kwa vibanio kama nguo, asingeiita kazi hiyo jina lingine. Wengine husema kuosha, wengine kusafisha, na sisi wa Mvita twasema kukosha kama tunavyokosha vyombo. Maji yamekwisha, neno limebaki. Leo mwenye kusema "nikoshee picha" ataka kitu kimoja tu: karatasi ya kushika mkononi na kutia kwenye albamu.

Kwa hiyo hapo studio mna watu watatu, na kitenzi cha usafi kina maana tatu. Wewe ulitaka picha zichaguliwe, kijana akazitupa, mama azitaka kwenye karatasi. Ushauri wangu ni kwamba ukiwa mbele ya kompyuta, safisha iache kabisa. Ibakie ya lenzi.

Kazi uliyoitaka ina neno lake, nalo liko jikoni tangu zamani: kuchagua, au kuchambua, kama mtu anavyochagua mchele. Mama ameketi, sinia mapajani, achagua. Hakuna aliyewahi kusikia "chagua mchele" akamwaga mchele. Na angalia mkono wake: jiwe akiliona halitupi papo hapo. Hulisukuma ukingoni mwa sinia, yakikusanyika ndipo huyatupa kwa mara moja. Programu za kupanga na kuhariri picha kama Lightroom Classic zimejengwa kwa mwendo huo huo. Ukibonyeza P picha hupata bendera ya kukubaliwa, ukibonyeza X hupata ya kukataliwa, na iliyokataliwa hubaki pale pale, imefifia tu, mpaka wewe mwenyewe uamue kuzitoa zote kwa pamoja. Basi mwambie kijana "chagua harusi ya Nyali, za kukataa zitie X, usifute kitu." Sentensi imerefuka, lakini ni fupi kuliko ugomvi.

Kuweka rangi sawa, kupunguza kando na kuinua mwanga, huko ndiko kuhariri. Najua studio nyingi husema "kuediti" na sitamkamata mtu kwa hilo. Ila hariri ni neno zuri na lafaa zaidi ya watu wanavyodhani. Wengine huliogopa wakiona ni la magazeti, wengine huchanganywa na hariri ya kitambaa. Ni maneno mawili yaliyotujia kutoka Kiarabu yakafanana sura. La kwanza, kule lilikotoka, lina maana ya kuandika vizuri na pia ya kuachia huru. Nami napenda kufikiri kwamba uso uliozama gizani ukiinuliwa mwanga, umeachiwa huru. Hayo ni yangu, usiyaweke kwenye mtihani.

Tuje kwenye kuondoa na kufuta, ambapo kosa la neno laweza kukugharimu harusi ya mtu. Ondoa daima huuliza "kutoka wapi?" Ondoa gari hapo: gari lipo, limehama tu. Futa, kwa maana yake ya kompyuta, haiulizi mahali, maana kitu hakitakuwa na mahali tena. Tofauti hii imo ndani ya Lightroom kwenyewe. Katalogi yake haina picha ndani yake. Ni kama daftari la karani wa ghala, lililoandikwa gunia gani liko pembe ipi na limefanyiwa nini. Picha zenyewe ziko kwenye diski. Ukibonyeza kitufe cha kufuta ukiwa ndani ya katalogi, programu hukuuliza: niiondoe kwenye katalogi tu, au niifute kwenye diski? Jibu la kwanza lafuta mstari daftarini, gunia laendelea kulala ghalani. La pili latupa gunia. Na ukiwa umefungua mkusanyiko mdogo, tuseme "Za albamu", kitufe hicho hicho huitoa picha kwenye mkusanyiko huo peke yake. Mfundishe kijana aseme kwa sauti "naondoa" au "nafuta" kabla kidole hakijashuka. Na asihamishe folda kwa mkono nje ya programu, maana karani hatajua, na folda itatokea na alama ya kuuliza.

Maktaba ya picha ni Kiswahili. Asili yake ni mahali pa maandishi, kweli, lakini tuna benki ya damu na hakuna aliyekwenda kuweka akiba ya shilingi huko. Ukiniuliza mimi, maktaba iwe hazina yote, katalogi iwe daftari lake, folda iwe chumba, na albamu iwe kile ambacho mteja ataonyeshwa. Kabrasha kwa maana ya folda silikatai, ila sijamsikia mtu wa studio akilitamka.

Hukuuliza kuhusu maneno ya kutafutia picha, lakini nitakuambia, kwa sababu hapo Kiswahili kina hila yake. Kiingereza aghalabu huongeza wingi mwishoni mwa neno, sisi huugeuza mwanzoni. Ukiziandikia picha zako za Mji wa Kale "mlango" leo na "milango" kesho, kisha ukatafuta kinachoanza na "mlango", nusu ya milango yako ya nakshi imepotea. Ama shika umoja daima, ama tafuta kipande cha ndani: "lango" itazileta zote mbili, "kuta" italeta ukuta na kuta, "uso" italeta uso na nyuso. Kwa jicho na macho njia hiyo haifai. "Cho" itakuletea hadi choo. Na neno kuu la biashara yako lichague moja, harusi au arusi. Kwa vinywa vya Mombasa yote mawili ni halali, lakini kompyuta haijui kuwa ni ndugu mpaka uiambie. Lightroom ina nafasi ya visawe kwenye kila neno la kutafutia, itumie.

Miezi nayo usiipe folda majina yake mwanzoni. Kompyuta itaanza na Agosti, ifuate Aprili, kisha Desemba, na Januari utaikuta katikati. Andika 2025-08 kwanza, jina la harusi lifuate.

Mama mjibu kwamba picha zitachapishwa, na umtajie siku. Akipiga tena kuuliza kama zimekoshwa, usimsahihishe. Mwambie zimekoshwa, mama, tena zimekauka.